Mtwara–Dar "dakika 28" kwa ndege? Mnatudanganya mchana kweupe!

Wakuu, nimekasirika na sitaki kupozwa.

Jumanne nilikuwa nampeleka bi mkubwa kliniki ya macho Dar, miadi saa 5 asubuhi. Kabla ya kukata tiketi nikaingia kwenye vile vikokotoo vya mtandaoni, unaandika miji miwili kinakupa jibu. Kikaniambia kilomita 400, muda wa kuruka dakika 28. Hizo 400 sibishi, ndiyo mstari ulionyooka. Barabarani ni kama 560, maana unazungukia Mingoyo, Nangurukuru, Somanga mpaka daraja la Mkapa. Lakini dakika 28! Jamaa wamechukua 400 wakagawa kwa mwendo wa 850 kwa saa, wakamaliza kazi. Ndege inapanda, inashuka, inasubiri zamu ya kutua, na huku kusini mara nyingi tunaletewa pangaboi, ndege ya mapanga, ambayo hata ijikaze vipi hiyo 850 haiioni.

Hilo ningelisamehe. Tiketi imeandikwa kuondoka saa 2 asubuhi. Dada wa ofisini: "Saa moja tu kaka, saa 3 mpo Dar." Nikalipia watu wawili, hela ambayo kwa basi ningesafiri na nusu ya ukoo.

Saa 12 na nusu tupo uwanjani. Bi mkubwa kavaa kitenge kipya, kapakata kifuko cha korosho za mjukuu, hataki kiende kwenye mizigo. Saa 2 kimya. Saa 3 tunaambiwa hitilafu ya kiufundi. Saa 5 inaingia meseji: mtaondoka saa 8. Saa 8 hakuna ndege, hakuna mhudumu, hakuna hata chupa ya maji. Korosho za mjukuu tukaanza kuzitafuna.

Sasa sikieni hili. Jirani yangu aliondoka siku hiyo hiyo na basi la saa 12 alfajiri. Saa 9 na dakika 10 ananipigia, keshaingia Dar: "Nipo Mbagala Rangi Tatu, nyie mmeshafika?" Nikamwambia tupo hapa hapa Mtwara. Alicheka mpaka akakata simu. Na barabara yenyewe ndiyo ile iliyokatika Somanga na Kimbunga Hidaya, Mei 2024, ndiyo iliyonifanya niikimbilie ndege!

Tumeruka saa 11:20 jioni, tumegusa Dar saa 12:17. Nilipima kwa saa ya mkononi, dakika 57. Kwa hiyo yule dada kuhusu angani hakudanganya, kadanganya kuhusu kila kitu kingine. "Saa moja" yake imetula karibu masaa 12 tangu tufike uwanjani, na hapo mizigo bado, foleni ya Barabara ya Nyerere bado.

Kliniki wametusogeza wiki tatu mbele. Nimeomba nirudishiwe nauli, najibiwa "si mlisafiri?" Bi mkubwa keshasema tarehe ikifika yeye anapanda basi, mimi nikitaka nimfuate na ndege yangu.

Aliyewahi kudai na akalipwa: ulianzia wapi, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) moja kwa moja au kwa wale wa baraza la watumiaji wa usafiri wa anga? Tiketi ninayo, na meseji zote sijafuta hata moja.