Deskitopu ya kuhariri video inachemsha hadi inazima, ila pampu ya kipoozeo cha maji inasoma inazunguka. Ushauri wakuu

Mhariri wa Sinza

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela isiyo ya lazima.

Nina deskitopu ya kazi za video, hasa harusi na sendofu. Prosesa ni Ryzen 7 5800X, RAM 32, kadi ya picha RTX 3060, na inapoozwa kwa maji, zile AIO (kipoozeo cha maji kinachouzwa kimeshafungwa pamoja na pampu) zenye rejeta ya milimita 240 na feni mbili. Niliinunua imeshatumika kwa jamaa aliyekuwa anachezea gemu. Aliijenga 2021 na kipoozeo ni kilekile.

Shida yenyewe ni hii. Nikiiwasha tu, hata sijafungua programu, joto linasoma nyuzi 70 na kitu. Nikianza kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, sekunde chache limefika 90, spidi inaporomoka kutoka 4.5 GHz hadi chini ya 3, na nikiing'ang'ania inazima ghafla kama mtu kachomoa waya. Harusi niliyokuwa naitoa kwa dakika 40 sasa naiacha ilale inarenda, asubuhi nakuta mashine imezima na bwana harusi anapiga simu.

Fundi wa kwanza alisema pawasaplai imechoka. Akanipa ya kwake ya kujaribia, ikazima vilevile. Wa pili akabadilisha pesti ya prosesa, ile ya kupitishia joto, joto likatulia kidogo, kesho yake likarudi palepale. Kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi) pampu inasoma kama mizunguko 2,800 kwa dakika na feni zote zinazunguka, kwa hiyo wote wawili wananiambia AIO ni nzima. Chumba hakina kiyoyozi, na Februari ya Dar mnaijua.

Ninunue AIO nyingine, niweke kipoozeo cha feni cha kawaida, au prosesa ndiyo inaaga? Natanguliza shukrani.

Kibodi Chakavu

Mkuu hapo unasumbuliwa na jiji, si kompyuta. Fungua ubavu wa kasha, elekezea feni la kusimama, endelea na maisha.

Saketi Fupi

Kibodi unampoteza mwenzio. Joto la chumba lina mchango, lakini mchango wake unahesabika: chumba kikipanda kutoka 24 hadi 32, prosesa nayo itapanda kwa kama nyuzi nane hizohizo. Haiwezi kutoka 45 hadi 72 ikiwa imekaa tu haina kazi.

Mtoa mada, prosesa yako haiagi. 90 ndicho kikomo ambacho watengenezaji wake, AMD, wameiwekea 5800X. Ikifika hapo inajikata spidi yenyewe ili isiungue, na ikishindwa kujiokoa kwa njia hiyo ndipo mashine inazima. Tafuta ni kwa nini joto haliondoki.

Hiyo namba ya 2,800 ndiyo iliyowadanganya mafundi wako. Inakuambia mota inazunguka. Haikuambii kama maji yanapita. Fanya jaribio la mkono: renda dakika tano, kisha gusa kichwa cha pampu pale juu ya prosesa, gusa mipira yote miwili ya maji kuanzia kichwani hadi kwenye rejeta, halafu weka kiganja nyuma ya feni za rejeta. AIO nzima, mipira yote inakuwa ya vuguvugu kwa urefu wote na hewa inayotoka ina joto. Ukikuta kichwa kinaunguza na rejeta ni ya baridi, maji yamesimama.

Tuambie pia mambo mawili. Rejeta imefungwa wapi, juu au mbele, na mipira imetokea upande gani wa rejeta? Na waya wa pampu umechomekwa tundu lipi la mazabodi? Kama uko kwenye tundu la feni za kasha, huenda mazabodi inaipunguza kasi pampu wakati mashine imetulia. Pampu inatakiwa ipate umeme kamili muda wote, ndiyo maana bodi nyingi zina tundu lake limeandikwa AIO_PUMP.

Mhariri wa Sinza

Asante sana Saketi Fupi. Nimefanya sasa hivi, nimerudi na majibu.

Kichwa cha pampu nimeshindwa kukishika. Mpira mmoja ni wa moto sentimita chache karibu na kichwa, kuanzia katikati kwenda mbele hauna joto lolote. Wa pili umepoa kabisa. Rejeta ni ya baridi na feni zinatoa hewa ileile ya chumbani.

Rejeta iko mbele, imesimama, mipira imetokea juu. Pampu ipo kwenye AIO_PUMP na kwenye BIOS imewekwa kasi kamili. Kitu kingine nilisahau kusema: ikiwashwa asubuhi inakoroma kwa muda, mlio wa maji na hewa, halafu inanyamaza.

Shangazi wa Seva

Mkoromo huo ndio jibu lenyewe, mdogo wangu.

AIO inauzwa imefungwa, lakini haimaanishi maji hayapotei. Mipira ile ni ya raba, na maji yanapenya kwenye kuta zake taratibu sana, mwaka hadi mwaka, bila kuona tone chini. Nafasi yao inachukuliwa na hewa. Hewa inakimbilia sehemu ya juu kuliko zote kwenye mzunguko. Kwako mipira imetokea juu ya rejeta, kwa hiyo hewa imejikusanya palepale kwenye midomo ya mipira, na pampu inaivuta. Ingefungwa mbele mipira ikitokea chini, au rejeta ingelala juu ya kasha, hewa ingebaki kwenye rejeta bila kumsumbua mtu na ungepata muda zaidi. Mafundi wengi wanafunga mipira juu kwa sababu inafika kwa urahisi na inapendeza kwenye kioo.

Ila hewa peke yake huwa haipandishi joto kiasi hicho. Ninachokihisi ni kwamba njia zimeziba pia. Chini ya kichwa cha pampu kuna bamba la shaba lililochanwa vijimfereji vyembamba sana, huko ndiko maji yanakochukua joto. Rejeta nyingi za AIO ni za alumini. Shaba na alumini zikikaa kwenye maji mamoja kunatokea ulikaji, ndiyo maana kiwandani wanaweka dawa ya kuzuia. Dawa ikichoka, uchafu unaanza kujijenga na unakwenda kukwama kwenye vile vijimfereji. Pampu inazunguka, inasoma 2,800, maji hayana pa kupita.

Jaribu hivi: zima, chomoa umeme, inamisha kasha lote upande mmoja kisha mwingine, taratibu, halafu liwashe likiwa limelala chali. Joto likishuka kwa muda, hewa ina mkono wake. Lisipobadilika, ni kuziba.

Mhariri wa Sinza

Shangazi nimeinamisha. Ilishuka hadi 61 ikiwa imetulia, nikaanza kurenda ikapanda tena hadi 90, imechelewa kidogo tu.

Fundi Gongo la Mboto

Basi vyote viwili. Usinunue kipya mkuu, hiyo inafunguliwa. Mimi nazifungua: unatoa kichwa, unafungua skrubu za bamba, unasugua vijimfereji kwa mswaki laini, unasuuza rejeta, unajaza maji upya. Nyingine zina hadi skrubu ya kujazia kwenye rejeta. Zinafanya kazi.

Kibodi Chakavu

Na kulanti ya gari je? Ile ya kijani, rafiki yangu anauza.

Saketi Fupi

Kibodi, kulanti ya gari nyingi ina ethilini glaikoli, ni sumu, na dawa zake zimepangwa kwa injini. Vijimfereji vyembamba namna hii havikuwa kwenye hesabu za aliyeitengeneza. Waachie wenye gari.

Fundi, sikatai kwamba inawezekana. Lakini msomaji asije akachukua maji ya bomba au ya kisima. Maji ya visima vyetu vya Dar yana chumvi, yataacha ukoko kuliko huo uliopo. Yanayofaa ni yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta, na hata hayo lazima yawe na dawa ya kuzuia ulikaji na vijidudu, vinginevyo unarudi kulekule. Na soma chupa vizuri, maana pembeni yake dukani huwa pamepangwa chupa za asidi.

Tatizo langu kubwa ni kwamba zile raba za kuzibia hazikutengenezwa ili zifunguliwe. Ukizirudisha vibaya, maji yanadondokea kadi ya picha, ambayo iko chini yake moja kwa moja. Kwa mashine ya kuchezea nyumbani, jaribu. Kwa mashine inayolipa kodi ya nyumba, hapana.

Fundi Gongo la Mboto

Mimi najaza kisha naiacha masaa nje ya mashine juu ya karatasi nyeupe. Ikilowa nakurudishia hela yako. Lakini sawa, nimekuelewa.

Mvita Baridi

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nami mashine zangu za ofisi ni za kuhariri picha na sauti, zote nimezitoa kwa maji nikaweka vipoozeo vya hewa vya minara miwili ya mapezi ya chuma. Kitu pekee kinachoweza kuharibika ni feni, na feni inapatikana duka lolote. Kwa 5800X, kipoozeo cha aina ya Thermalright Peerless Assassin 120 SE kinatosha, na bei yake kwa kawaida iko chini ya AIO ya 240. 5800X ina moto kwa umbile lake, kiini chake ni kidogo na joto lote linatoka sehemu moja, kwa hiyo usitarajie 60 wakati wa kurenda. Ukipata 80 na kitu katika hali ya hewa yetu, shukuru.

Kabla ya kulipa, pima. Vipoozeo hivi vina urefu wa milimita 155 hadi 165. Chukua rula, pima kutoka usawa wa prosesa hadi kioo cha ubavuni. Angalia na RAM, zile zenye mapambo marefu ya taa zinaweza kugusana na feni ya mbele.

Na hili watu hawaulizi hadi wafike nyumbani: bamba la chuma la nyuma ya mazabodi, lile lililokuja na bodi ya AM4 (aina ya tundu la prosesa yako), lipo? Vipoozeo vingi vya hewa vinalitegemea. Aliyefunga AIO yako anaweza kuwa alilitoa. Mpigie simu huyo jamaa wa gemu, amwulize mkewe boksi la mazabodi liko wapi.

Saketi Fupi

Mvita umenikumbusha jambo. Mhariri, siku ya kutoa hicho kichwa, usikivute juu kikiwa cha baridi. Prosesa za AM4 zina miguu 1,331 iliyo kwenye prosesa yenyewe, na pesti ikikauka inashika kiasi cha kuing'oa prosesa pamoja na kichwa hata kama kile kiwiko cha kuibania prosesa kimefungwa. Washa mashine dakika chache ipate moto, kwako hilo halina shida, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, kisha kizungushe kichwa kushoto na kulia hadi ukisikie kimeachia. Hapo ndipo unyanyue. Mguu mmoja ukipinda utajuta kuliko joto.

Pesti mpya, punje ya kunde inatosha.

Wakati unasubiri, ingia BIOS weka Eco Mode, hali ya kubana umeme, ile inayoitwa ya wati 65. Hiyo inakata umeme wa juu wa prosesa kutoka wati 142 hadi 88. Haitakuponya, maana maji yamesimama, lakini unaweza kukata video na kupanga sauti bila kuzimiwa. Kurenda mpe mwenzako mwenye mashine nzima.

Mhariri wa Sinza

Mrejesho wakuu.

Bamba la nyuma lipo. Kasha langu linaruhusu milimita 160 na RAM zangu ni fupi. Nimepata cha minara miwili Kariakoo, kimefungwa jana usiku. Kichwa nilikizungusha kama alivyoelekeza Saketi Fupi, kikaachia kwa mlio mdogo na prosesa ikabaki kwenye tundu lake.

Sasa hivi chumba kina 31. Mashine imetulia inasoma 47. Nimerenda harusi nzima ya Jumamosi, imepanda hadi 84 ikasimama hapo, spidi 4.4 mwanzo hadi mwisho. Eco Mode nimeitoa.

AIO nimempelekea Fundi Gongo la Mboto aifungue tuone. Bamba la shaba lilikuwa na tope la kijani limejaa zaidi ya nusu ya vijimfereji, na maji yaliyotoka hayakujaza kikombe cha kahawa. Shangazi ulikuwa sahihi kwa yote mawili. Fundi anasema ataisafisha aijaribu kwenye mashine yake ya dukani, nimemwachia.

Shangazi wa Seva

Vizuri. Sasa kasha lako halina kitu mbele, usisahau feni za kuingiza hewa, vinginevyo kipoozeo kipya kitakuwa kinazungusha joto lilelile ndani. Na wavu wa mbele uusafishe mara kwa mara, vumbi la Sinza si la mchezo.

Kibodi Chakavu

Mkuu zile feni mbili za rejeta, unaziuza?

Mhariri wa Sinza

Haziuzwi, zimebaki mbele zinaingiza hewa. Rejeta ndiyo imeondoka.