Mjadala: Punguzo la kodi la magari ya umeme lihesabiwe kwa kampuni au kwa soko zima?

Ndugu wachangiaji, tangu Marekani ilipositisha punguzo lake la kodi kwa wanunuzi wa magari ya umeme, tarehe 30 Septemba 2025, mazungumzo mengi yamekwama kwenye pande mbili. Upande mmoja unasema fedha hizo zilikuwa zawadi kwa matajiri, na kwamba kampuni za magari ziachwe zishindane kwa bei na ubora. Upande wa pili unasema kulifuta punguzo hilo ni kuipa kisogo hali ya hewa na kuwaachia Wachina soko. Hoja ninayoileta hapa ni nyingine. Naamini kwamba zaidi ya kuwepo au kutokuwepo kwa punguzo, jambo lililoleta madhara ni namna lilivyogawanywa, kwa sababu mgawanyo huo ndio ulioamua ni lini kampuni hizi zishirikiane na ni lini zikabane koo. Msimamo wangu ni kwamba serikali yoyote inayotaka kusaidia magari ya umeme isihesabu mauzo ya kampuni moja moja. Ihesabu soko zima, na msaada upungue kwa wote siku moja.

Wengi wamesahau kwamba ndivyo sheria ilivyoanza. Sheria ya mwaka 2008, iliyosainiwa na Rais George W. Bush, ilipanga punguzo lianze kushuka baada ya kuuzwa magari 250,000 ya kampuni zote kwa jumla. Mwaka uliofuata, katika sheria ya kuinua uchumi ya Barack Obama, Bunge likabadili hesabu hiyo na kuweka kikomo cha magari 200,000 kwa kila kampuni. Nia ilikuwa nzuri, nami sitaki kuibeza: ilihofiwa kwamba kampuni ya kwanza kufika sokoni ingemaliza fungu lote, na waliochelewa wangekuta sahani tupu. Lakini tazama kilichotokea.

Tesla iliuza gari lake la 200,000 nchini Marekani mwezi Julai 2018. Kwa utaratibu wa sheria, wateja wake waliendelea kupata dola 7,500 kamili hadi mwisho wa mwaka huo, kisha dola 3,750 kuanzia Januari 2019, kisha 1,875 kuanzia Julai, na kufikia Januari 2020 hawakupata chochote. Kampuni ililazimika kushusha bei zake kwa dola 2,000 mwanzoni mwa 2019 ili kulifidia pengo kwa sehemu. General Motors ilifuata njia hiyohiyo miezi michache baadaye, na punguzo lake likaisha mwishoni mwa Machi 2020. Hizi ndizo kampuni mbili zilizotangulia kuwekeza, zikajenga viwanda na kufundisha mafundi wakati wengine wakisubiri kuona upepo unaelekea wapi.

Matokeo yake yalionekana waziwazi katikati ya mwaka 2022. Mnunuzi aliyeingia kwa wakala wa Chevrolet na kuchukua Bolt, gari lililoundwa Orion Township katika jimbo la Michigan na ambalo lilikuwa miongoni mwa magari ya umeme ya bei nafuu kabisa nchini humo, hakupewa hata senti moja na serikali kuu. Jirani yake aliyechukua Hyundai Ioniq 5, gari la bei kubwa zaidi lililoshushwa melini kutoka Korea Kusini, aliweza kudai dola 7,500. Mlipakodi wa Michigan alikuwa anachangia kulifanya gari la kigeni liwe rahisi dhidi ya gari linalotoka kwenye kiwanda cha mtaani kwake, tena bila mtu yeyote kuamua kwamba hilo ndilo lengo. Hilo silihesabu kuwa kosa la Hyundai, kwani ilifuata sheria kama ilivyoandikwa.

Kisha mambo yakageuka. Tarehe 16 Agosti 2022 Rais Joe Biden alisaini Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei, na tangu siku hiyo gari lisilounganishwa Amerika Kaskazini likakosa punguzo. Kikomo cha magari 200,000 kiliondolewa kuanzia Januari 2023, hivyo Tesla na Bolt zikarudi kwenye orodha, huku Ioniq 5 ikitoka. Serikali ya Korea Kusini ililalamika, na Hyundai ikaharakisha kiwanda chake cha Georgia, karibu na Savannah. Wakati huohuo ikatumia mlango wa pembeni uliobaki, kwa maana gari la kukodi kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa la biashara na halikubanwa na sharti la mahali pa kuunganishia. Kwa miaka minne, basi, faida ilihama kutoka kampuni hadi kampuni kwa sababu za kisheria kuliko za ufundi.

Sasa linganisheni na yale ambayo kampuni hizi zilifanya zenyewe. Mwezi Juni 2014 Tesla ilitangaza kwamba haitamshtaki yeyote atakayetumia hataza zake (haki zake za uvumbuzi) kwa nia njema, na mkuu wake Elon Musk akaeleza kwamba mshindani wa kweli wa Tesla ni mafuriko ya magari ya petroli yanayotoka viwandani kila siku, wala si yale magari machache ya umeme ya kampuni nyingine. Mwaka 2019 Toyota ikafungua karibu hataza 24,000 za teknolojia ya magari ya mseto, yaani ya petroli na umeme kwa pamoja. Na mwezi Juni 2022 wakuu wa General Motors, Ford, Stellantis na Toyota kwa upande wa Amerika Kaskazini waliliandikia Bunge barua ya pamoja wakitaka kikomo cha 200,000 kiondolewe. Ford na Stellantis zilikuwa bado hazijakifikia kikomo hicho, na zingeweza kukaa kimya zikifaidi udhaifu wa General Motors. Walielewa kwamba wasigombee fito ilhali wanajenga nyumba moja.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa plagi. Kwa miaka mingi magari mengi ya Marekani yasiyo ya Tesla yalitumia plagi ya CCS, ambayo ni nene, ina sehemu ya juu ya umeme wa kawaida na pini mbili kubwa chini yake kwa ajili ya umeme wa kasi, na kebo yake nzito humsumbua mtu mwenye mikono dhaifu. Ya Tesla hushikika kwa mkono mmoja na hutumia pini zilezile kwa umeme wa nyumbani na wa barabarani. Novemba 2022 Tesla iliufungua muundo wake kwa wote. Tarehe 25 Mei 2023 Jim Farley, mkuu wa Ford, alikaa na Musk mbele ya hadhira ya mtandaoni akatangaza kwamba magari ya Ford yataweza kutumia chaja zaidi ya 12,000 za Tesla nchini Marekani na Kanada. Wiki mbili baadaye Mary Barra, mkuu wa General Motors, akafanya vivyo hivyo, na karibu kampuni zote zikafuata. Sitaki kuyaita haya sadaka, kwa kuwa Tesla ilipata wateja wapya wa umeme wake, na Ford ilipata mtandao ambao ingehitaji miaka kuujenga. Hata hivyo dereva wa kawaida, anayesafiri na watoto usiku na betri imebaki asilimia kumi, ndiye aliyenufaika kuliko wote, na ni makubaliano ambayo hakuna kifungu cha punguzo kilichoyaagiza.

Ninachokiona hapa ni kwamba kampuni hushirikiana pale soko linapopanuliwa kwa wote, na hupigana pale serikali inapoligawa fungu kwa majina. Agosti 2021 Ikulu ya Marekani iliwaalika General Motors, Ford na Stellantis kwenye tukio la magari ya umeme na kuiacha nje Tesla, kampuni iliyokuwa inaongoza kwa kuunda magari hayo nchini. Mwaka huohuo likaja pendekezo la kuongeza dola 4,500 kwa gari lililoundwa na wafanyakazi wenye chama. Toyota, Honda na Tesla zikalipinga vikali, na Seneta Joe Manchin akalikataa. Novemba 2024 Gavana Gavin Newsom wa California akatoa wazo la kurudisha ruzuku ya jimbo kwa utaratibu ambao ungeiacha nje Tesla kwa kuwa ina sehemu kubwa ya soko, ingawa ina kiwanda kikubwa palepale Fremont. Unaweza kuzichukia siasa za mwenye kampuni, na wengi humu wanazichukia kwa sababu wanazozijua, lakini hewa inayotoka kwenye bomba la moshi haiulizi nani anamiliki hisa.

Kuna watakaojibu kwamba Tesla haihitaji kuhurumiwa, kwani imepata mabilioni kwa kuwauzia washindani ziada yake ya alama za hewa safi, ambazo sheria za moshi huzitaka kwa kampuni za magari, na mwaka 2024 peke yake ilipata dola bilioni 2.76. Ni kweli. Fedha hizo, lakini, zinatoka kwa kampuni zilizochelewa kwenda kwa iliyowahi, wala hazitoki kwenye hazina ya umma, na zinampa aliyechelewa sababu ya kuharakisha. Kikomo cha 200,000 kilifanya kinyume chake.

Kuhusu matajiri, nawaunga mkono wanaolalamika, ila lawama yao ielekezwe mahali pake. Kabla ya 2024 punguzo lilidaiwa kwenye fomu ya kodi ya mwisho wa mwaka na halikuweza kuzidi kodi unayodaiwa. Mtu mwenye deni la kodi la dola 2,000 alipata 2,000 tu, na zile 5,500 zilizobaki zilipotea, hazikuhamishiwa hata mwaka uliofuata. Mwenye kipato kikubwa alizipata zote. Sheria ya 2022 ilirekebisha mengi ya hayo: iliweka kikomo cha kipato, dola 150,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa wanandoa, ikaweka kikomo cha bei, ikatoa hadi dola 4,000 kwa gari lililokwishatumika, na kuanzia 2024 ikamruhusu mnunuzi akatiwe punguzo palepale kwa wakala. Inasikitisha kwamba mpango ulifutwa muda mfupi baada ya kuanza kumfikia mtu wa kipato cha chini.

Norway ilichukua njia tofauti. Tangu 2001 iliyaondolea magari ya umeme kodi ya ongezeko la thamani bila kuuliza ni ya kampuni gani, na mwaka 2023 ikaanza kutoza kodi hiyo kwenye sehemu ya bei iliyozidi kroner 500,000. Mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Najua Norway haina kiwanda kikubwa cha magari cha kulinda, na kwa hiyo siasa zake ni nyepesi kuliko za Michigan.

Lipo jambo linalotuhusu kwa karibu zaidi. Sheria ya 2022 iligawa zile dola 7,500 nusu kwa nusu, na nusu moja ilitegemea madini ya betri: sehemu fulani ya thamani yake ilipaswa kuchimbwa au kusafishwa Marekani au katika nchi yenye mkataba wa biashara huru nayo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, haina mkataba huo. Maana yake ni kwamba kobalti ya Kolwezi, mji wa machimbo nchini humo, iliweza kuhesabiwa ikisafishwa katika nchi rafiki, ila ikisafishwa Kolwezi penyewe haikuhesabiwa. Desemba 2022 Marekani, Kongo na Zambia zilisaini hati ya makubaliano kuhusu kuendeleza utengenezaji wa betri, lakini kifungu cha punguzo hakikubadilika.

Pendekezo langu, basi, ni kwamba sheria mpya ikija, punguzo likatwe kwenye bei wakati wa kununua, libaki na kikomo cha bei na cha kipato, na lianze kushuka kwa kampuni zote kwa pamoja pindi magari ya umeme yatakapofikia, tuseme, robo ya magari mapya yanayouzwa. Kigezo hicho kinaondoa ile hofu ya 2009, kwa kuwa robo ya soko haiwezi kumalizwa na kampuni moja iliyowahi kwa miezi michache. Anayetetea kikomo cha kampuni naomba anieleze mnunuzi wa Bolt alikosea nini mwaka 2022. Na ndugu zetu wa Lubumbashi na Kolwezi watuambie kifungu cha madini kiandikwe vipi ili kazi ya kusafisha kobalti ibaki kwao.