Boti ya tanga Mediterania: Kroatia au Ugiriki? Naomba ushauri

Mtoto wa Mkoani
Wakuu salaam. Sisi ni marafiki wa siku nyingi, tumetawanyika huku Ulaya, na mwakani tunataka kukodi boti ya tanga kwa wiki moja tuzunguke visiwa. Tumebaki na mawili: Kroatia (Split, Hvar, Vis) au Ugiriki. Kundi limegawanyika, WhatsApp hakukaliki. Kampuni inataka malipo ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi. Wapi kuzuri na wapi nafuu? Waliokwishafika wanifungue macho.

Kipanga wa Kiel
Mkuu, swali lako halijibiki hivyo. Mko wangapi? Mwezi gani? Ugiriki ipi? Upande wa Ionia na upande wa Cyclades ni bahari mbili zisizofanana hata kidogo. Nani anashika usukani na ana cheti gani? Mnasafiria pasi za wapi? Lete hayo kwanza, bei tutazungumza baadaye.

Dada Zuu
Kroatia, na mjadala ufungwe 😄. Ukitua Split, marina (bandari za boti kama hizi) za Trogir ziko pua na mdomo na uwanja wa ndege. Tangu Januari 2023 wameingia Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana pasi mipakani) na wanatumia yuro, kwa hiyo hakuna tena kuhangaika kubadili pesa. Na msikose Vis. Kile kisiwa kilikuwa cha jeshi la Yugoslavia, wageni hawakuruhusiwa kukanyaga mpaka 1989, ndiyo maana hakijajazwa mahoteli. Mtakula samaki wa mkaa hapo Komiža mtanikumbuka.

Baharia Mstaafu
Zuu, samaki sawa, lakini mwambie na bili. Marina za Kroatia msimu wa juu, boti ya futi 40 inalala kwa yuro 100 na zaidi kwa usiku mmoja. Ukisema ukwepe ulale ghubani, ghuba nyingi zimewekwa maboya ya kufungia, na mtoza ushuru anakuja na kiboti chake hata hamjamaliza kufunga kamba. Kornati ni hifadhi ya taifa, tiketi yake mbali.

Mimi ni mtu wa Ionia. Lefkada, Meganisi, Ithaca, Kefalonia. Ukikaribia Sivota ya Lefkada mwenye mgahawa amesimama kwenye gati lake anakupungia mkono, anapokea kamba zako mwenyewe. Ukila kwake jioni, gati hulipi. Safari zenyewe ni za saa mbili tatu, asubuhi bahari imelala, mchana unapanda upepo wa kaskazini magharibi, jua likizama nao unazima. Kwa watu wanaoanza, hakuna pa kuwapeleka zaidi ya hapo.

Dada Zuu
Kula kwa lazima ili ulale bure siyo bure hiyo, mzee wangu.

Mtoto wa Mkoani
Samahani, majibu haya hapa. Tuko wanane. Mwezi wa nane, kwa sababu ya likizo za shule. Ugiriki tulikuwa tunafikiria Paros, Mykonos, Santorini, picha zake zimetupagawisha. Sita tuna ukaazi wa Ujerumani na Uholanzi, wawili wako London na pasi za Tanzania. Nahodha ni binamu yangu, amekulia kwenye majahazi Pemba, bahari anaijua kuliko ardhi. Cheti hana.

Kipanga wa Kiel
Nilijua tu kuna kitu kimefichwa. Twende mdogo mdogo.

Hao sita hawana shida, kibali cha ukaazi kinawaruhusu kutembea Schengen siku 90 ndani ya 180. Wale wa London wanahitaji visa ya Schengen, na waiombe mapema. Wakipewa ya kuingia mara moja, msije mkapata wazo la kuchungulia Montenegro au Albania, mkishatoka kurudi hamna.

Binamu: bila cheti hakabidhiwi boti. Kroatia wanataka cheti cha unahodha kinachokubalika kwenye orodha ya wizara yao, pamoja na cha redio ya VHF. Ugiriki wanataka watu wawili: nahodha mwenye cheti, na msaidizi ambaye naye ana cheti au anatia saini tamko kwamba ana uzoefu. Hapo kwenye msaidizi binamu yako anafaa sana. La sivyo mkodi nahodha, ni karibu yuro 200 kwa siku, chakula chake juu yenu, na kitanda kimoja mmeshakipoteza.

Mzee wa Shela
Haya ndiyo mambo yanayonichosha na hawa watu. Mtu ametoka Pemba mpaka Tanga na kusi linavuma, amebisha (kwenda kinyume na upepo) usiku kucha na tanga moja, hana injini, hana ramani. Leo aambiwe hajui bahari na kijana aliyefanya kozi ya wikendi kwenye ziwa!

Kipanga wa Kiel
Mzee wangu shikamoo. Hakuna aliyesema hajui. Ila boti ikigonga mwamba, bima itauliza karatasi, haitauliza kusi. Na nikwambie ukweli, tanga siyo penye kazi. Kazi iko gatini. Huku hufungi ubavu, unafunga shetri, yaani nyuma ya boti. Unaangusha nanga katikati ya bandari, unarudi kinyumenyume kwa injini kwenye upenyo ambao ni mpana kuliko boti yako kwa shubiri, upepo unakupiga ubavuni, omo, yaani mbele, inaponyoka, na watu wa boti za jirani wameshika kahawa zao wanakutazama. Jahazi halijawahi kumfundisha mtu hilo.

Mzee wa Shela
Marahaba. Hilo atajifunza asubuhi moja.

Chumvi Nyingi
Mwezi wa nane + Cyclades (hiyo Paros, Mykonos na Santorini yenu) + wanane ambao hawajawahi? Ndugu yangu, kaa nikusimulie.

Sisi tulichukua boti Lavrio, bandari ya karibu na Athens, mwezi huohuo, kwa sababu hiyohiyo ya picha. Tulikuwa na nahodha mwenye vyeti vyote. Kwenda tulikwenda vizuri, upepo uko nyuma, watu wanaimba, tukateremka mpaka Paros. Hapo ndipo meltemi likatushika. Watu hawaelewi huu upepo: hauji na wingu wala mvua. Mbingu buluu kabisa, jua linawaka, na nje ya bandari upepo ni nguvu ya 7 mpaka 8 kwa kipimo cha Beaufort, ambacho mwisho ni 12, bahari nyeupe tupu. Unatoka kaskazini, na kurudi Lavrio ni kwenda kaskazini. Yaani ni kubisha njia nzima, mawimbi mafupi yanakupiga usoni.

Tukajaribu kutoka alfajiri. Hata kisiwa hatujakiacha vizuri, dada mmoja ameshalala sakafuni amekumbatia ndoo, vyombo vinaruka jikoni, kabati likafunguka tukaokota sukari na mafuta ya kupikia yamechanganyika. Nahodha akageuza. Tukakaa bandarini tumefungwa, kila asubuhi tunafungua Windy, ile programu ya simu ya kuangalia upepo, kila asubuhi rangi ni ileile nyekundu. Na boti inatakiwa irudi Ijumaa jioni, maana Jumamosi inakabidhiwa kwa wengine. Mwisho tukapanda meli ya abiria mpaka Piraeus, boti tukaiacha. Kampuni (siitaji) ikatuma watu wake kuifuata, gharama zikakatwa kwenye amana yetu, na juu yake wakaongeza mkwaruzo ambao mimi nauapia ulikuwepo tangu tunaipokea. Hatukuwa na picha ya kuwaonyesha.

Kwa hiyo Santorini nendeni kwa ndege.

Dada Zuu
Pole sana. Unaona sasa? Kroatia.

Baharia Mstaafu
Kroatia nako kuna upepo unaitwa bura, unashuka milimani ghafla. Ila mkali zaidi ni wa majira ya baridi, sitausingizia. Chumvi amesema kweli tupu. Julai na Agosti ndiyo miezi ya meltemi. Mtoa mada, kama ni lazima Agosti na lazima Ugiriki, ni Ionia, au basi Ghuba ya Saronic: Aegina, Poros, Hydra. Hydra fikeni kabla ya saa sita mchana, mkichelewa mtafunga mstari wa tatu, nyuma ya boti za wengine, na asubuhi nanga zimesukana, kila mtu anavuta ya mwenzake.

Na piga video boti nzima siku ya kuipokea. Mpaka chini ya maji.

Mla Pweza
Hakuna aliyetaja katamarani, ile boti yenye viwiliwili viwili sambamba? Watu wanane, nane! Boti ya kawaida inalala ubavu, wasiozoea watatapika. Katamarani imekaa wima, mna nafasi ya kutandika jamvi mbele.

Kipanga wa Kiel
Na bei yake imekaa wima pia. Marina nyingi zinaitoza zaidi kwa sababu ya upana, na kubisha haijui.

Mzee wa Shela
Ngalawa ina mirengu miwili na inabisha. Tatizo ni waliounda.

Mla Pweza
😂😂 Mzee! Haya, kupika je? Maana wiki nzima mgahawani watu wanane ni mtaji wa duka.

Dada Zuu
Sisi tulibeba mchele na viungo kutoka nyumbani, nyama ya halali tukanunua kabla ya kusafiri tukagandisha. Pilau mara mbili, chapati mara moja. Jiko la boti linaning'inia, boti ikilala lenyewe linabaki sawa, ila lina moto mdogo na gesi mtungi mdogo.

Chumvi Nyingi
Usisahau kuwaambia choo. Karatasi haitupwi humo, pampu ikiziba hamna fundi baharini, na atakayeshika bisibisi ni wewe.

Mtoto wa Mkoani
Nawashukuru wote, nimebandika uzi huu kwenye kundi. Sasa mmoja ameibuka anasema tuache zote, twende Göcek, Uturuki. Na binamu amekasirika, anasema kama ni usaidizi haji.

Kipanga wa Kiel
Uturuki si Schengen, ni kanuni nyingine za visa kwa wote wanane, muanze upya kuuliza. Mwambie binamu afanye kozi majira ya kuchipua, kwa anayoyajua atapita. Na hiyo malipo ya kwanza msilipe kabla hamjajua nani anashika usukani.

Mzee wa Shela
Mtoto wa Mkoani, binamu yako ni wa ukoo gani? Nadhani babake namjua.

Mla Pweza
Zuu, chapati za watu wanane kwenye jiko linaloning'inia, ulizisukumia wapi?