Unga wa chokaa unapeperuka, niugeuzeje uwe punje?

Mwana Pongwe: Habari zenu wakubwa. Niko Pongwe, Tanga, nasaga mawe ya chokaa mabichi, yasiyochomwa, kwa ajili ya mashamba. Wateja wangu wengi wako Lushoto, udongo wao una asidi, na chokaa huipunguza. Unga wangu ni laini kama poda, na ulaini huo ndio sifa yake, maana chembe ndogo hufanya kazi upesi udongoni. Tabu ni upepo. Juzi mama mmoja kanirudishia mifuko mitatu, anasema kijana wake aliyemwaga alikohoa usiku kucha. Iliniuma sana. Nikajaribu kushikiza kwa saruji kidogo, zikatoka punje ngumu kama kokoto. Nimeziloweka siku mbili, hazijavunjika hata moja.

Fundi wa Mbolea: Saruji iache kabisa, kaka. Punje ya shambani lazima ivunjike ikinyeshewa, la sivyo ulaini wote ulioutolea jasho umeufungia ndani. Tumia molasi, ile shira nzito inayobaki miwa ikitengenezwa sukari, iliyozimuliwa kwa maji, duka la vyakula vya mifugo wanayo.

Azima mashine ya zege. Tia unga mkavu, zungusha polepole, nyunyiza molasi hiyo kwa bomba la kupulizia dawa, kama ukungu. Ukimimina kwa kopo utapata madonge na tope. Maji hushikanisha chembe, zikiviringika zinajivika unga tabaka juu ya tabaka. Chekecha ubaki na za milimita 2 hadi 4. Ndogo zirudishe, ndizo mbegu za mzunguko unaofuata. Kubwa ziponde. Kausha vizuri kabla ya kufunga mifuko, zisije zikagandamana.

Viwanda vya chuma navyo huviringisha vumbi la madini, kwa bentonaiti, aina ya udongo unaonata, kisha huzichoma zile punje, maana vumbi tupu lingeziba hewa ya tanuri. Wao wanataka ugumu, wewe unataka zimomonyoke. Gundi ichague kwa kazi.

Dada Mkaa, Sahare: Mimi vumbi la mkaa nalishikiza kwa uji wa muhogo. Usipokauka vizuri unaota ukungu, nimeshatupa gunia zima. Na kaka, hakikisha hakuna jiwe lililochomwa humo. Chokaa iliyochomwa ikipata maji inachemka, itakuunguza macho.

Mwana Pongwe: Ahsanteni sana. Mawe yangu ni mabichi yote. Jumapili nimejaribu ndoo moja. Punje nimeitia kwenye glasi ya maji, ikamomonyoka kabla chai haijapoa. Mfuko wa kwanza nampelekea yule mama.