Batobato, mozaiki au michirizi: bango la kikundi tuandike jina gani?

mbegu_rufiji
Habari za saa hizi wadau. Kikundi chetu cha mbegu za muhogo tunataka kuchora bango pale ofisi ya kijiji, lionyeshe magonjwa ili mtu asikate pingili kwenye shamba bovu. Tumekwama kwenye majina. Bwana shamba anasema batobato, vijana waliosoma wanataka mozaiki, na ule mwingine unaoharibu muhogo chini kuna wanaouita batobato hiyohiyo, kuna wanaosema michirizi, na wengine wanakwambia tu muhogo umeoza basi. Mnaojua asili ya haya majina, lipi linamsaidia mkulima?

BiKisamvu
Batobato, wala usihangaike. Hilo neno lilikuwepo kabla ya bwana shamba, chochote chenye mabaka ya rangi tofauti, iwe ngozi ya mnyama iwe kitambaa, ni batobato. Ukimwambia mama wa kijijini jani lina batobato haulizi mara mbili, anajua atafute jani la kijani lenye mabaka ya njano, changa, limejikunja na limedumaa. Mozaiki ataisikia kwa fundi wa vigae.

mzee_kamusi
Bi Kisamvu umemaliza lakini niongeze hapo kwenye mozaiki maana watu wanaidhania ni neno la kitaalamu sana. Ni michoro ya vipande vidogo vya mawe vya rangi rangi, ile ya sakafu za Warumi. Kuipeleka kwenye mimea kulianza na Adolf Mayer, Mjerumani aliyekuwa anafanya kazi Uholanzi, mwaka 1886, naye alikuwa anazungumzia tumbaku sio muhogo. Ule wa muhogo ulikuja kuandikwa 1894 na mtaalamu wa mimea Warburg, na ni wa huku kwetu, wakati ule Afrika Mashariki ya Kijerumani, ila yeye hata hakuita mozaiki, aliita Kräuselkrankheit, yaani ugonjwa wa kujikunja. Kwahiyo mmoja kaangalia rangi, mwingine kaangalia umbo la jani. Batobato yetu nayo imeangalia rangi, inalingana na mozaiki kabisa, sasa sijui vijana wanaongeza nini.

kilifi_shamba
Wote mnabishana juu ya jani na shida kubwa iko chini ya udongo 😅 Huku Pwani ya Kenya mtu anaona shamba la kijani, hakuna batobato, anafurahi, siku ya kung'oa anakata muhogo anakuta mabaka ya kahawia makavu magumu ndani, hauliki, hata makopa haufai. Muhogo wa batobato unakuwa mdogo lakini unakula. Huu mwingine unaweza kuwa mkubwa mzuri kwa macho halafu ukaishia kutupwa. Ukiandika batobato kwa yote mawili watu watachagua mbegu kwa kuangalia majani ya juu tu na wataumia.

mbegu_rufiji
@kilifi_shamba ndo hasa tunachoogopa. Ila michirizi nayo mtu ataelewa? Michirizi ya nini, ya mvua?

mzee_kamusi
Michirizi ya kahawia, malizia jina. Ni ile mistari kwenye shina bado la kijani. Aliyeuelezea ugonjwa huu ni mtafiti Storey, kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, 1936, na Kiingereza chake nacho ni michirizi hivyohivyo. Ubaya wake linakuelekeza kwenye shina na majani, wakati hasara iko kwenye kiazi, na kuna mimea ambayo shina halionyeshi kitu.

umugwaneza
Mimi niko Kigali, Kiswahili changu mtanivumilia. Sisi ugonjwa huo tunauita kabore, na kubora kwetu ni kuoza. Jina limeenda moja kwa moja kwenye muhogo wenyewe. Mkulima akisikia kabore hatazami jani, anang'oa shina moja anakata. Nyinyi mna neno la namna hiyo?

BiKisamvu
Hapo umenishika, hatuna. Tunasema kuoza, na kuoza kunaletwa na mengi, maji yakituama muhogo unaoza pia.

naliendele_fan
Jamani na aina za mbegu mziweke, jina bila dawa ni stori, na hiki kitu hakina dawa ya kupuliza, ni virusi, vinabebwa na nzi weupe na sisi wenyewe kwa kugawiana pingili. Kiroba inavumilia michirizi, inavumilia tu msije mkasema haiugui. Huku Mtwara kuna Namikonga, ambayo Kenya ndo hiyohiyo Kaleso, hii imetoka kwenye kazi ya Amani ya akina Storey, walichanganya muhogo na mpira, ule mti ambao wengine tunakula kisamvu chake.

kilifi_shamba
Kumbe Kaleso ndio Namikonga! Nimeipanda siku zote nikidhani ni ya Wagiriama 😂

mbegu_rufiji
Asanteni, nimeongea na wenzangu. Mozaiki tumeitoa. Upande mmoja BATOBATO na picha ya jani, upande wa pili MICHIRIZI YA KAHAWIA na picha mbili, shina na muhogo uliokatwa, halafu chini yake "ng'oa, kata, ndipo uchukue mbegu". Mchoraji anaanza Jumamosi.

naliendele_fan
Upande wa michirizi ongeza na jani, ila liwe la chini, lililokomaa, lenye njano inayofuata mishipa na halijajikunja. Ya juu hayaonyeshi kitu, na hilo la chini wengi wanadhani limezeeka tu.