Mwalimu mtarajiwa aandike nini katika daftari la tafakuri?

Mtarajiwa wa Chang'ombe:
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninasomea shahada ya ualimu, Hisabati na Jiografia, na baada ya mitihani tutapangiwa shule za sekondari hapa Dar es Salaam kwa mazoezi ya kufundisha. Tumeelekezwa kwamba kila mmoja awe na daftari lake la tafakuri, mbali na azimio la kazi na andalio la somo, kwa kuwa mwalimu hujifunza maisha yake yote. Silipingi hilo, lakini sioni daftari hilo linatofautianaje na sehemu ya tathmini na maoni iliyo mwishoni mwa andalio, ambayo wengi huijaza kila siku kwa maneno yaleyale: "Somo limeeleweka vizuri." Je, niandike nini hasa? Na nikihitimu nikakaa mtaani nikisubiri ajira, daftari hilo litanisaidia nini?

Mwalimu wa Hisabati, Mbagala:
Marahaba, mwalimu. Tofauti iko kwa msomaji. Andalio husomwa na mtaaluma, mkuu wa shule na mthibiti ubora, kwa hiyo mtu huandika kwa kujihami. Daftari utalisoma wewe, mwakani, jioni ya kuamkia siku ya kufundisha mada ileile.

Chukua mada ya sehemu katika Kidato cha Kwanza. Ukiwapa 1/2 + 1/3, wapo watakaokuandikia 2/5. Ukiandika "hawakuelewa sehemu", hujaandika kitu. Nakili jibu lenyewe, kisha mwite mmoja wao kwa upole akueleze alivyofikia hapo, nawe uandike maneno yake. Utagundua kwamba hakubahatisha: amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, utaratibu ambao ni sahihi kabisa katika kuzidisha, naye ameuhamishia mahali pasipostahili. Hapo ndipo utajua cha kufanya kesho yake, kwa mfano kumuuliza kama 2/5 ni kubwa au ni ndogo kuliko 1/2, ili aone mwenyewe kwamba ameongeza kitu kwenye nusu akapata pungufu ya nusu. Andika pia kama swali hilo lilimshtua au la, maana si kila mtoto hushtuka.

Jambo la pili ni lugha. Wengi wa wanafunzi hao wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na ghafla maswali yote yako kwa Kiingereza. Mtoto akikwama, msomee swali kwa Kiswahili uone kama atalifanya. Akilifanya, tatizo lake si hesabu. Usipoliandika hilo siku hiyohiyo, baada ya wiki utabaki na kumbukumbu kwamba darasa lile ni zito, na hukumu ya namna hiyo huwadhuru watoto miaka minne. Mistari mitano inatosha. Mimi huandika nikiwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani, na foleni zetu mnazijua.

Mkufunzi:
Ninakubaliana na mwalimu wa Mbagala, isipokuwa pale anapolifanya daftari kuwa mali ya mtu mmoja. Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu watu wa taaluma, alitenganisha tafakuri inayofanyika kazini kwenyewe na ile inayofuata baada ya kazi; hii ya pili huwa na nguvu zaidi inaposikilizwa na mwenzako anayefundisha somo hilohilo. Ndiyo sababu Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yamejengwa juu ya walimu kukutana shuleni kwao na kujadili matatizo halisi ya ufundishaji. Mtarajiwa akifika kwenye kikao hicho na lile jibu la 2/5 mkononi, atasikilizwa kuliko anayekuja kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasomi.

Ila asiandike majina ya wanafunzi. Daftari hupotea kwenye daladala, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Herufi moja inatosha kumtambulisha mtoto kwako.

Mtarajiwa wa Chang'ombe:
Ninawashukuru sana. Suala la kusubiri ajira bado linanitatiza.

Mwalimu Mstaafu, Temeke:
Mwanangu, mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, niliwaona walimu wetu wa shule ya msingi wakifundisha watoto asubuhi na wazazi wetu jioni, na nina hakika walijifunza zaidi jioni, kwa sababu mtu mzima asipoelewa hukwambia waziwazi. Nawe mtaani hutakosa wa kumfundisha, hata akiwa mdogo wako. Andika.

Hofu yangu kwa wanaosubiri ni kuachwa na mtaala. Mitaala mipya, iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ilianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na aliyehitimu kabla yake bila kugusa muhtasari tangu hapo atajikuta mgeni katika somo lake mwenyewe. Vitabu vya kiada vipo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ukitaka meza tulivu nenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Anza na Kidato cha Kwanza, ufanye mazoezi yote wewe mwenyewe kwa kalamu, na kila utakapokwama uandike ulikwama wapi, kwa sababu mwanafunzi wako naye atakwama papo hapo.