Siku 90, maneno 40,000 yaliyobaki: presha ya tarehe ya mwisho inaharibu riwaya wapi hasa?

Kalamu_Mbichi
Wakuu, salaam. Mswada wa riwaya unatakiwa kwa mchapishaji baada ya siku 90. Makubaliano ni maneno 70,000, yaliyopo ni 30,000. Mwisho wa hadithi unajulikana, ila kila sura mpya inatoka nyepesi kuliko iliyotangulia: matukio yanakimbia na wahusika wote wanaongea sauti moja. Je, presha ya muda inaua ubunifu wenyewe, au kuna sehemu maalumu inayoumia ambayo mtu anaweza kuilinda? Na siku hizo zigawanywe vipi? Nahitaji hesabu zaidi kuliko kutiwa moyo.

Mhariri_wa_Zamu
Mkuu, kinachoumia kwanza ni kuandika upya. Rasimu ya kwanza inaweza kuvumilia mbio, hata ikanufaika nazo, maana mwandishi hapati nafasi ya kulamba sentensi moja siku nzima.

Hesabu anzia mwisho urudi nyuma. Toa siku 5 za kusoma prufu, yaani kusaka makosa madogo ya mwisho. Toa siku 21 za kuandika upya. Maneno 70,000 kwa siku 21 ni kama 3,300 kwa siku, kazi nzito lakini inawezekana. Toa siku 14 ambazo faili halifunguliwi kabisa. Zimebaki 50. Ukiandika siku sita kwa wiki unapata kama siku 43. Lenga maneno 1,000 kwa siku, utamaliza kwa siku 40 na kubakiwa na 3 za umeme kukatika au mgonjwa nyumbani.

Kosa la wengi ni kugawa 40,000 kwa 90. Jibu linakuja chini ya 450 kwa siku, mtu anajiona ana nafasi tele, anateleza wiki mbili, na wiki hizo zinakatwa kwenye marekebisho. Ndiyo maana riwaya nyingi zina sura tatu za kwanza zilizong'arishwa na sura tano za mwisho ambazo hazijasomwa mara ya pili na yeyote, mwandishi akiwemo.

Zile siku 14 usizionee uchungu. Mswada ukiwa bado moto, jicho linasoma ulichokusudia badala ya kilichoandikwa. Zikikubana sana, zisishuke chini ya 7.

BintiPangani
Ndugu yangu, haraka ina alama zake kwenye Kiswahili, na zinatafutika.

Ya kwanza ni -ka-. Tazama: "Akaamka, akanawa uso, akavaa, akatoka, akakuta mlango wa jirani uko wazi." Vitenzi vitano, na chenye uzito ni kimoja, cha mlango. Mwandishi anayekimbizwa hukimbilia -ka- kwa sababu inasogeza hadithi bila kumlazimisha aamue lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Akiamua, anapata: "Alipotoka, mlango wa jirani ulikuwa wazi." Chukua kurasa tano za sura mpya, pigia mstari kila -ka-. Ukiona zinafuatana nne au tano bila sababu, hapo mwandishi alikuwa anaorodhesha, hakuwa anasimulia. Zipo -ka- za haki, za mapigano, za kufukuzana, hizo ziache.

Ya pili, tafuta neno "ghafla" kwenye faili zima, kisha "mara" na "bila kutarajia". Kila "ghafla" ni deni: tukio limefika kabla halijaandaliwa. Kufuta neno hakulipi deni hilo. Rudi nyuma sura mbili au tatu upande mbegu: barua iliyoonekana juu ya kabati, gari lililopita mara mbili, jina lililotajwa jikoni.

Ya tatu ni mazungumzo. Funika majina ya wasemaji usome. Kama bibi wa Makunduchi na kijana wa Kariakoo hawatofautiani, wote wanaongea kama taarifa ya habari, basi kila mmoja mwandikie kando mistari kumi ya maneno ambayo ni yeye tu angeyasema, ndipo urudi kwenye sura.

Halafu zile "machozi yalimlengalenga" na "moyo ulimwenda mbio". Kwenye rasimu ziache, zinashikilia nafasi. Kwenye marekebisho zitoke zote. Hapa sina huruma.

Msomaji_Mkongwe
Nakubali mengi, ila tusiogope mbio kupita kiasi. Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, alikuwa na mkataba uliomtaka akabidhi riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866. Akishindwa, mchapishaji angechapa kazi zake kwa miaka 9 bila kumlipa. Aliitoa riwaya hiyo, Mcheza Kamari, kwa siku 26, akimsomea mpiga hatimkato, Anna Grigoryevna, huku riwaya nyingine kubwa ikiendelea jaridani sehemu kwa sehemu. Inasomwa hadi leo.

Lakini angalia masharti yake. Wazo la mcheza kamari alikuwa amelieleza kwenye barua tangu 1863, kwa hiyo lilikuwa limeiva miaka mitatu. Riwaya yenyewe ni fupi. Na usiku alitayarisha kile ambacho mchana alikisoma kwa sauti. Mbio zilikuwa za mkono, fikra zilikwishatangulia.

Upo pia utafiti wa Teresa Amabile na wenzake, uliotoka 2002, waliosoma shajara za kazi za wafanyakazi 177. Presha ya muda kwa kawaida ilishusha fikra bunifu. Palipokuwa na nafuu ni pale mtu alipoamini kazi ina umuhimu na akaachwa afanye jambo moja bila kukatizwa. Hao hawakuwa waandishi wa riwaya, lakini la kukatizwa linatuhusu moja kwa moja: saa mbili simu ikiwa chumba kingine zinazaa kuliko saa tano za kuchungulia ujumbe.

Pwani_Simulizi
Mkuu Mhariri, hapo kwenye maneno 1,000 niongeze. Vipimo vingi vya maneno kwa siku vinavyozunguka mtandaoni, kama ule wa 50,000 kwa Novemba nzima, yaani 1,667 kila siku, vimetoka kwa waandishi wa Kiingereza. "Hawajatuambia" kwetu ni neno moja. Wao wanahitaji matano. Maneno 1,000 ya Kiswahili yamebeba mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo anayeishia 750 asijione mvivu. Afadhali kuhesabu maonyesho, yaani matukio ya hadithi moja moja: orodhesha yaliyobaki, tuseme 40, kila moja kwa sentensi inayosema nani anataka nini na nini kinabadilika. Onyesho moja kwa siku. Lisilobadilisha kitu lifute kabla ya kuliandika. Hapo ndipo muda unapookolewa kweli.

Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, aliweka saa mezani na kudai maneno 250 kila robo saa, ila nusu saa ya kwanza alisoma kazi ya jana. Hiyo nusu saa iige. Inarudisha sauti ya wahusika masikioni kabla hujaandika neno jipya.

Kalamu_Mbichi
Shukrani sana, wakuu. Na siku ya 50 ikifika maonyesho kumi hayajaandikwa?

Mhariri_wa_Zamu
Usiguse zile siku 21 za kuandika upya. Kwanza angalia kama kuna mkondo wa pembeni unaoweza kutoka mzima, mfano mapenzi ya mdogo wake mhusika mkuu. Mara nyingi unaondoka na maonyesho manne au matano. Ukibaki na upungufu, mwandikie mhariri wako siku hiyohiyo, ikiwa bado siku 40, umpelekee sura zilizokamilika na uombe tarehe mahususi. Wakati huo msanifu wa kurasa na mchora jalada bado wanaweza kupangwa upya. Ukiomba zikiwa zimebaki siku tatu, umewavurugia wote. Mkataba huwa una nafasi ya kuzungumza. Tarehe ya shindano haina, kwa hiyo kama mswada huu ni wa tuzo, kata mkondo wa pembeni leo.